Pimbi Aliyejiita Mvule

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa gani ya kunong'ona, kama mnaomba ruhusa ya kwenda chooni? Tena. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Mikono ipukuchue mahindi, masikio yasikilize. Atakayesinzia atamalizia gunia zima peke yake, na wewe Tumpe ndiye ninayekutazama.

Hapo zamani za kale, zamani kwelikweli, wakati wanyama walikuwa na adabu nyingi na akili kidogo, palikuwa na kilima cha mawe. Kwenye mawe hayo waliishi pimbi. Na pale mawe yalipoishia palisimama mvule.

Mvule mnaujua. Shina lake watu watatu wakishikana mikono hawalizungushi. Matunda yake ni ya kijani, marefu, kama viwavi walionona. Mchwa akijaribu kuula moyo wake anabaki kibogoyo. Mvule wa kilima kile ndio uliokuwa kila kitu. Wanyama wakitaka kuonana, walisema, "Tukutane mvuleni." Mtoto akikohoa, walisema, "Mchemshieni gome la mvule." Mgeni akiuliza njia, walimwambia, "Ukifika kwenye mvule, kata kushoto." Jina hilo lilitamkwa mara mia kwa siku na halikuchakaa.

Sasa, kati ya pimbi wale alikuwepo mzee mmoja. Alikuwa mfupi, hata kwa pimbi alikuwa mfupi. Tumbo lake liligusa ardhi kabla ya miguu. Mkia hakuwa nao, kama pimbi wote. Lakini alikuwa na wana tisa, na wote tisa wameoa, na hiyo ilimpa kichwa kikubwa.

Desturi ya kilima kile ilikuwa hivi. Mzee akipata mjukuu wa kwanza, anachagua jina la uzee. Tembo alipopata mjukuu alijiita Mlima. Nyati alipopata mjukuu alijiita Radi. Siku mjukuu wa kwanza wa Pimbi alipozaliwa, mzee alipika togwa, akaita watu, akapanda juu ya jiwe ili walau aonekane, akasema:

"Kuanzia leo mimi naitwa Mvule."

Watu walitazama mvule, wakamtazama Pimbi. Wakautazama tena mvule. Kima alijifanya anakohoa.

Aliyecheka waziwazi ni Kobe. Kobe na Pimbi walikuwa watani tangu enzi za babu zao, na mtani, mnajua, hana breki mdomoni.

"Wewe!" alisema Kobe. "Mvule una kivuli cha kulaza ng'ombe ishirini. Kivuli chako wewe hakimtoshi hata kuku mmoja, labda achuchumae."

"Jina halipimwi kwa kamba," alisema Pimbi. "Mvule maana yake ni asiyeanguka."

"Mvule maana yake ni mvule," alisema Kobe. "Nipeni togwa."

Watu walikunywa, wakarudi kwao. Mngedhani mambo yameishia hapo. Hayakuishia hapo, kwa sababu ya desturi ya pili.

Desturi ya pili ilikuwa ya wakamwana, yaani wake za wana. Mkamwana hamsogelei baba mkwe wake. Akimwona njiani, anapita porini. Na jina lake halitaji kamwe, wala halitaji kitu chochote chenye jina hilo. Akilitaja, anafungishwa mizigo siku hiyohiyo na kurudishwa kwao. Mizigo anaondoka nayo. Mtoto anabaki.

Nasema tena, maana hapo ndipo penye moyo wa ngano hii. Mtoto anabaki.

Mke wa mwana mkubwa wa Pimbi aliitwa Sekela. Ndiye mama wa yule mjukuu wa kwanza, katoto ka kike kenye macho ya kuuliza. Sekela alitoka mawe ya ng'ambo, mchapakazi, mcheshi. Siku ile ya togwa alikuwa nyuma ya mawe ananyonyesha. Aliposikia mkwe wake amejiita Mvule alishika kichwa.

"Mume wangu," alisema, "baba yako hakuona jina jingine? Naokota matunda chini ya mti ule. Nachuma majani ya mti ule. Mlango wetu unautazama mti ule. Nitauitaje?"

Mumewe alikuwa kijana mpole ambaye neno "hapana" hakulijua. Akasema, "Uite ule mti."

"Miti yote ni ule mti!"

"Basi uite ule mti ule."

Wanaume wengine, wanangu, Mungu aliwapa sura tu.

Basi Sekela akaanza kuzungusha maneno. "Nimetoka pale kwa mrefu." "Nimeokota yale ya kama viwavi." "Nenda pale panapokutaniwa." Na katoto kalipoanza kuuliza, kalinyoosha mkono kila siku kwenye mti uleule. "Mama, kile nini?" Sekela alimeza mate na kusema, "Kile ni... kile." Kakajua kwamba jina la mti mkubwa kuliko yote duniani ni Kile.

Siku moja katoto kakashikwa na kikohozi. Sekela alimwita Kima, maana Kima anajua kupanda. "Shemeji, niletee gome. Lile la dawa. La mti mkubwa."

Kima alienda, akarudi na gome la mkuyu.

"Siyo hili, shemeji. La ule mkubwa zaidi."

Kima alienda, akarudi na gome la mti mwingine, mnene, mweupe, ambao hata mimi siujui.

"Siyo hili! La ule ambao... ambao baba mkwe... Shemeji, nielewe!"

Kima akaelewa anavyojua mwenyewe. Alileta gome la tatu, likachemshwa, katoto kakanywa. Siku tatu kaliharisha mpaka majirani wakahama upande wa upepo. Kikohozi kilibaki palepale, na sasa kaliogopa hata kukohoa.

Pimbi alipoambiwa, mnadhani alisikitika? Alifurahi! Alisema, "Mnaona mkamwana mwenye adabu? Mtoto anaharisha na bado hajanitaja. Huyo ndiye mke."

Sekela alisikia akiwa nyuma ya jiwe anafua nguo za vinyesi. Alikasirika. Nasema alikasirika hadi masikio yakawa ya moto. Lakini alimtazama mwanawe, akaufunga mdomo.

Pimbi naye akanogewa. Heshima ni kama karanga za kukaanga, mtu mwenye pupa hajui aachie wapi. Alipanda tena juu ya jiwe, akasema, "Si wakamwana tu. Kila aliyekula ubwabwa kwenye harusi ya mwanangu ni mkwe wangu. Asinitaje."

Wana tisa, harusi tisa. Nani alikuwa hajala ubwabwa? Kima alikula. Kanga, yule ndege wa madoadoa, alikula na kubeba. Digidigi alikula. Kilima kizima kikawa wakwe wa Pimbi. Hakuna tena aliyesema "tukutane mvuleni." Walisema "tukutane pale," kila mtu akaenda pale pake, na hawakukutana. Wageni walipotea njia. Aliyebaki anasema mvule ni Kobe peke yake, kwa kuwa mtani haguswi na mwiko, na yeye alilisema jina hilo hata pasipo na haja, ilimradi tu.

Mwezi haukupita, wakaja watu. Watu kabisa, wa miguu miwili, wapasua mbao, na shoka, na msumeno mrefu wa kuvutwa na wawili. Mkubwa wao alikuwa na kidevu kirefu. Alimkuta Kanga njiani.

"Habari ya asubuhi, Kanga. Mvule uko wapi?"

Kanga aliziba mdomo kwa bawa.

Akamkuta Digidigi. "Mvule ni upi hapa?"

Digidigi alifumba macho, kana kwamba mwiko unaingilia machoni.

Akamkuta Kima. "Ndugu yangu, nionyeshe mvule."

Kima aligeuka, akamwonyesha makalio.

"Wanyama wa hapa wana wazimu," alisema Kidevu. Wakaukata mkuyu, wakaupasua, wakaondoka.

Loo! Pimbi alipanda juu ya jiwe kwa mara ya tatu. "Mmeona? Mmeona jina langu linavyolinda? Wangesema mvule, leo mvule haupo. Mimi na mti ni kitu kimoja. Mvule hauanguki!"

Na lazima niseme kweli, hata kama ananiudhi, siku ile alisema jambo ambalo halikuwa uongo. Watu wakapiga makofi. Hata Sekela alipiga, kidogo. Ndivyo kiburi kinavyokua, wanangu. Kinanyweshwa na ile mara moja kilipopatia.

Lakini mkuyu si mbao ya mlango. Mchwa waliula katika majuma matatu. Wapasua mbao wakarudi, na safari hii hawakumwuliza mtu. Kidevu alitembea na shoka, akagonga kila shina, akasikiliza. Alipogonga mvule alitabasamu. "Ni huu."

Ilikuwa mchana, jua kali. Mzee Pimbi alikuwa amekunywa togwa iliyochacha siku nne, amelala kwenye jiwe bapa upande wa pili wa mvule, mdomo wazi. Mgongoni kwake amelala mjukuu, katoto ka Sekela, maana hata mzee mwenye majivuno alikapenda kale katoto, hilo simnyimi.

Msumeno ukaanza. Kwaaruu, kwaaruu. Pimbi alisikia usingizini. Akadhani ni mkoromo wake mwenyewe, akatabasamu kwa jinsi ulivyo wa kishujaa.

Wanyama walikusanyika kwa mbali. Wote waliona mti unavyoinamia upande wa lile jiwe. Wote waliziba midomo.

"Mwambie wewe," Kanga alimwambia Digidigi.

"Mimi nilikula ubwabwa," alisema Digidigi. "Aseme Kima."

"Nilikula sahani mbili," alisema Kima.

Kobe je? Kobe angemtaja na matusi juu. Lakini Kobe alikuwa njiani anakuja, na mnamjua Kobe akiwa njiani.

Sekela alikuwa bondeni anachota maji. Aliposikia kimya cha watu wengi aliangusha mtungi, akapanda mbio. Aliona msumeno. Aliona mti unavyotikisa kichwa. Aliona jiwe bapa, na mkwe wake, na juu ya mkwe wake, mwanawe. Kukimbilia pale asingewahi. Alibaki na mdomo tu.

"Baba! Ondoka!"

Pimbi alifungua jicho moja. "Nani huyo anamfukuza mkwe wake? Adabu, mama." Akalifumba.

Kwaaruu, kwaaruu.

"Baba! Mti unaanguka!"

"Miti huanguka," alisema Pimbi, jicho likiwa limefumbwa. "Mimi niko chini ya jina langu. Likianguka tawi, kalifagie."

Kwaaruu, kwaaruu. Mti ukalia, kaa!

"Baba! Ule mrefu! Ule wa viwavi! Ule ule wa... wa jina la... Baba nakuomba!"

"Sema vizuri, mkamwana," alisema Pimbi. "Ukizunguka hivyo nitakuelewaje?"

Hapo, wanangu, Sekela alimtazama mumewe. Mumewe aliangalia kucha zake. Akawatazama wanyama, nao wakaangalia kucha za mumewe. Sekela alijua: akilitaja, jua litatua akiwa kwao, na mtoto atabaki. Akinyamaza, hakuna mtoto wa kubaki.

Akavuta pumzi mpaka mbavu zikauma.

"WE MVULE! MVULE UNAKUANGUKIA! TOKA HAPO, MZEE MJINGA WEWE!"

Kilima kiliganda. Hata Kidevu alisimamisha msumeno.

Na Pimbi? Mti ulipolia hakustuka. Msumeno ulipokwaruza hakustuka. Lakini kutajwa na mkamwana! Aliruka kama aliyekalia siafu. "Nani kanitaja? Nani? Namrudisha kwao leo! Leo hii!" Akateremka mbio kwenda kumchapa Sekela, tumbo linaburuta, na mjukuu amemng'ang'ania masikio mgongoni akidhani ni mchezo.

Hakuwa amefika nusu ya njia mvule uliposhuka.

Ardhi iliruka. Vumbi lilipanda, likakaa juu, likashuka taratibu. Walipoona tena, lile jiwe bapa lilikuwa limepasuka vipande viwili, na shina la mvule limelala juu yake.

Mngedhani sasa mzee atashukuru. Ngoja. Mdomo umejaa vumbi, kope nyeupe, akaita baraza palepale! Wanyama, kwa kukosa pa kukaa, wakakaa juu ya mti ulioanguka.

"Amenitaja," alisema Pimbi. "Mara mbili. Na mjinga juu. Desturi ni desturi. Afunge mizigo."

Sekela hakulia. Mwanawe alikuwa amesharudi mikononi mwake, akamkumbatia kama anayehesabu mbavu zake moja moja. Mumewe alifungua mdomo. Wote wakageuka. Akaufunga.

Hapo ndipo Kobe alipowasili.

"Poleni na msiba," alisema, akahema. "Nimekuja kuzika. Mvule umekufa, naona. Mtani ndiye anayeosha maiti. Tuanzie wapi, kwenye mizizi au kwako, bwana?"

"Sijafa," alisema Pimbi.

"Si ulisema wewe na mti ni kitu kimoja? Basi umekufa, na jamaa hawa wanakupima kwa kamba." Akamgeukia Kidevu. "Mtaufanyia nini?"

"Milango," alisema Kidevu. "Vitanda. Na pale kwetu tuna choo hakina mlango."

"Unasikia, bwana Mvule?" alisema Kobe. "Unakuwa mlango wa choo."

Watu walijizuia, walijizuia, halafu Kanga akapasuka, na Kanga akicheka hakuna anayeweza kubaki na uso mkavu.

Kobe hakucheka. Alisogea karibu na Pimbi.

"Mtani wangu, nikuulize matatu. Je, alikutaja?"

"Alinitaja!"

"Uliposikia jina, ulifanya nini?"

"Nilitoka mbio nimchape."

"Je, asingekutaja?"

Pimbi alitaka kujibu. Akageuza kichwa, akaliona lile jiwe lake bapa, vipande viwili, mahali pa tumbo lake na mahali pa katoto. Angekuwa na mkia angeufyata. Kwa kuwa hana, alikaa chini tu, tii.

Katoto kalichomoka mikononi mwa mama yake, kakapita katikati ya baraza, kakapanda tena mgongoni kwa babu. Kakanyoosha mkono kwenye lile shina.

"Babu, Kile kimelala."

"Siyo Kile, mjukuu wangu," alisema Pimbi. Sauti yake ilikuwa ndogo, kwa mara ya kwanza inalingana naye. "Ni mvule."

"Muvue," kakasema katoto.

Kilima chote kilishusha pumzi.

"Mvule," alisema Pimbi. "Sema tena."

Kakasema tena. Kakasema mara kumi, kama kanatafuna muwa. Na mzee alilia hadharani, juu ya tumbo lake, bila kujificha. Kisha akavunja desturi ya mababu: akamtazama mkamwana wake usoni.

"Mwanangu Sekela," alisema, "umenikosea adabu sana. Asante."

Sekela alisema, "Karibu, baba." Akaenda kuokota vigae vya mtungi wake.

Jina likarudishwa kwa mti. Mti wenyewe uliondoka vipande vipande, hilo hawakuweza kulizuia, lakini kisiki kilichipua, na chipukizi lilipofika urefu wa pimbi watu walianza tena kusema "tukutane mvuleni." Mzee waliendelea kumwita Pimbi, akaitika.

Na ndiyo maana mpaka leo, ukipita kwenye mawe, utaona pimbi mmoja amekaa juu kabisa, analinda. Akiona hatari hapigi magoti wala haulizi huyu ni mkwe wa nani. Anapiga kelele kwanza. Adabu baadaye.

Fundisho ni hili: heshima ni kitu kizuri, mkamwana na amheshimu mkwe wake. Lakini heshima inayomziba mtu mdomo wakati nyumba inaanguka, hiyo si heshima, ni kaburi lililofagiliwa. Na jina la kitu ni la watu wote. Usilifungie ndani ukajidai ni lako.

Unacheka nini, Tumpe? Babu yenu mkubwa, baba mkwe wangu, aliitwa Mzee Jembe. Miaka kumi na saba nimelima kwa "kile cha kulimia." Siku nyoka alipojiviringisha kwenye mpini, mzee ananyoosha mkono achukue, nilisema, "Baba, usishike kile cha kulimia!" Naye akasema, "Kipi?" Nikapiga kelele JEMBE mpaka kijiji cha pili wakasikia. Alinuna siku mbili. Ya tatu aliniletea kuku.

Haya. Ngano yangu nimeipukuchua yote, punje mmekula, gunzi nawaachia. Anayeitaka tena na aanze yeye kusema paukwa, na aseme kwa nguvu.